Mkono wa daktari hufundishwa kando ya kitanda

Daktari anayejifunza anaweza kukueleza vizuri kabisa bandama iko wapi na magonjwa gani huifanya ivimbe, kisha akapewa mgonjwa mwenye bandama kubwa na asiigundue. Nimeliona hili mara nyingi. Mara nyingi ameanza kupapasa tumbo juu mno, karibu na mbavu za kushoto. Bandama inapovimba huteremka ikielekea chini upande wa kulia wa tumbo. Ukianzia juu, kiganja kinakuwa tayari kimelala juu yake, na ukingo wake hutauhisi. Kwa hiyo anzia chini kulia, panda polepole kuelekea mbavu za kushoto, na kila mgonjwa anapovuta pumzi tuliza mkono, maana pumzi ndiyo inayoisukuma bandama ije kwenye vidole.

Kitabuni hayo ni mistari michache. Mkono huyaelewa pale mwalimu anaposimama pembeni na kusema: legeza vidole, usichome kwa ncha, mtazame usoni, anaumia. Kumtuma mwanafunzi wodini peke yake kisha kumuuliza "umepata nini?" ni kumsikiliza tu. Alivyofanya hukuona, na kosa lake atalibeba miaka.

Kugonga kifua kwa vidole ili kujua kama kuna maji au hewa, ufundi mwingine wa mkono, kulielezwa na daktari Leopold Auenbrugger huko Vienna mwaka 1761. Madaktari wengi hawakujali. Kulienea baada ya Corvisart, daktari Mfaransa, kukitafsiri kitabu cha Auenbrugger kwa Kifaransa mwaka 1808 na kuwafundisha wanafunzi wake jijini Paris. Mmoja wao, Laennec, ndiye aliyekunja karatasi ikawa bomba mwaka 1816 ili asikilize moyo wa mgonjwa, na hapo stethoskopu ikaanza.

Ukiwa mgonjwa, nawe una nafasi yako katika somo hili. Mwanafunzi anapaswa kujitambulisha na kukuomba ruhusa kabla ya kukugusa, na una haki ya kukataa bila matibabu yako kupungua. Ukikubali, mikono yake iwe safi na imepashwa joto, kwa sababu mkono wa baridi hukaza misuli ya tumbo na kuficha kinachotafutwa. Ukiumia, mwambie palepale ni wapi, kabla hajausogeza mkono.