Kuuliza Hakumtii Mtu Wazo la Kujiua

Katika mabaraza ya Ngamiani, Tanga, kahawa inapomiminwa, bado husikika kauli kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua utamtia wazo hilo, na hakosi wa kuongeza kuwa aliyelala usimwamshe. Kauli hiyo si kweli. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kuwa kuuliza hakumsukumi mtu kujiua; mara nyingi humpunguzia wahaka, kwa kuwa aliye katika hali hiyo hajalala hata kidogo, bali amekesha na wazo lake peke yake.

Chad Varah, kasisi aliyeanzisha Samaritans, huduma ya simu ya kuwasikiliza wanaofikiria kujiua, jijini London mwaka 1953, aligundua kuwa wengi waliokuja kumwona walitulia kwa kuzungumza na watu wa kujitolea waliowaandalia chai, hata wakaondoka bila kumhitaji yeye. Mwaka 1954 akawakabidhi hao wa kujitolea kazi ya kusikiliza, uamuzi ambao kwangu ndio uongozi hasa. Wapokea simu wa huduma za namna hiyo hufundishwa kuuliza waziwazi, “Je, unafikiria kujiua?”, kisha kunyamaza na kusikiliza. Nawe ukimuuliza mtu aliye karibu nawe akajibu ndiyo, asiachwe peke yake, na asindikizwe hospitalini, kwa mfano Bombo hapo Tanga, bila kukemewa.