Gurudumu la plastiki linashikaje rangi, ilhali ndoo haivuji?

Mpwa wangu wa Shangani, Mtwara mjini, alibahatika kupata sketibodi kwenye mtumba. Ubao mzima, ila magurudumu yake manne meupe yalikuwa yamechakaa. Akayataka ya bluu. "Mjomba, tuyachemshe na rangi, kama bibi anavyochemsha ukindu wa mikeka?" Nikamjibu kwa uhakika wote wa mtu mzima: plastiki haina matundu, ingekuwa nayo ndoo zingevuja, kwa hiyo rangi haina pa kuingilia. Tukayapulizia rangi ya kopo. Kesho yake yote imebakia kwenye lami, na mimi nikaona hoja yangu imethibitika.

Hoja ilikuwa mbovu, na ushahidi wa kunisuta ulikuwa kabatini miaka yote. Tazama bakuli la plastiki lililowahi kuwekewa mchuzi wa binzari ungali wa moto. Lioshe kwa sabuni, lisugue kwa stili waya, umanjano haubanduki. Haubanduki kwa sababu hauko juu ya plastiki, umo ndani yake. Au chukua dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa. Mama yeyote wa Mikindani atakuambia dumu hilo halitiwi tena maji ya kunywa, maana halijawahi kuzaliwa sabuni ya kuitoa ile harufu. Mafuta yameingia kwenye plastiki yenyewe na yanatoka kidogo kidogo, kwa wakati wayapendao.

Kumbe ndoo kutovuja inatueleza habari za maji tu. Mimi nilikuwa nawaza kwa ukubwa wa tundu, kama mtu anayechekecha unga. Lakini molekuli ya maji ina uzito wa 18, na ile ya kurkumini, inayoipa binzari rangi yake, ina 368, karibu mara ishirini. Kama jambo lingekuwa tundu, maji yangetangulia na manjano yangekwama nje. Imetokea kinyume. Kinachoamua ni kupatana: molekuli za maji hung'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe na hazioni sababu ya kuhamia kwenye plastiki, wakati kurkumini ni mtoto wa mafuta, na plastiki kwa tabia iko karibu zaidi na mafuta. Mkubwa anakaribishwa, mdogo anabaki mlangoni. Nalipenda sana jambo hili, ingawa lilinifedhehesha mbele ya kijana wa miaka kumi na minne.

Magurudumu ya sketibodi ni ya poliuretani, plastiki iliyovumbuliwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Frank Nasworthy akaanza kuwauzia wachezaji magurudumu ya aina hiyo, mahali pa yale ya udongo mgumu na ya chuma yaliyokuwa yakiteleza na kukwama kwenye kokoto. Ya kiwandani hutiwa rangi poliuretani ikiwa bado uji, kabla haijaganda. Sisi tunachelewa, ndiyo maana tunahitaji moto.

Moto unafanya nini? Fikiria ngoma ya sindimba iliyojaza uwanja. Kabla ngoma haijakolea watu wamesimama wamebanana, na mtoto anayeuza karanga yuko pembeni na sinia lake, hapati pa kupita. Ngoma ikikolea, viuno vinatikisika, na kati ya mtu na mtu nafasi inafunguka na kujifunga, inafunguka tena hatua moja mbele. Mtoto hasubiri njia ifunguke yote. Anaingia kwenye upenyo huu, anangoja, anaingia ule. Ngoma ikinyamaza watu wanasimama, naye yuko katikati yao na karanga zake. Watu hao ni minyororo mirefu ya molekuli za poliuretani, na mtoto ni chembe ya rangi. Poliuretani laini hutikisika kidogo hata bila moto, lakini karibu na joto la kuchemka kazi ya wiki inakuwa kazi ya dakika.

Si kila mtoto anataka kuingia, hata hivyo. Tulipojaribu unga wa rangi nyekundu aliokuwa nao bibi, magurudumu yalitoka na uwaridi wa aibu, na sabuni ikaumaliza. Rangi ile inayeyuka vizuri kwenye maji, kwa hiyo haina haraka ya kuyaacha. Inayofaa ni ile ya kutilia vitambaa vya poliesta. Jamii hiyo ilitengenezwa miaka ya 1920, wakati hariri ya bandia ya asetati ilipozikataa rangi za kawaida. Haiyeyuki sawasawa kwenye maji, inaelea humo kwa msaada wa kitu kama sabuni, basi ikigusa plastiki ya moto inahamia huko.

Beringi zitoke kwanza, la sivyo grisi inayeyuka na kutu inafuata. Rangi huzidisha giza tu, kwa hiyo gurudumu jeusi libaki jeusi, na la njano ukilitia bluu utapata kijani. Sufuria isirudi kupikia, na madirisha yawe wazi.

Hapa kidogo nipunguze mbwembwe. Poliuretani ni ukoo, na baadhi ya ndugu hawapatani na maji ya moto. Umewahi kuona kiatu cha mtumba kilichokaa kabatini, siku ya kwanza kuvaliwa soli inabomoka kama mkate mkavu? Mara nyingi ni poliuretani iliyokatwakatwa minyororo yake na unyevu, na joto huharakisha kazi hiyo. Nusu saa kwenye maji yanayokaribia kuchemka si miaka ya unyevu wa pwani, lakini kuyaacha jikoni mchana kutwa ili yakolee zaidi ni kuyatafutia ugonjwa.

Wala rangi haifiki kwenye kiini. Wanaojua vinyago huku kwetu wanamfahamu muuzaji anayepaka dawa ya viatu kwenye mti mweupe na kuuita mpingo: ukikwangua kwa ukucha, weupe huo. Rangi yetu ya kopo ilikuwa dawa ya viatu. Ya kuchemsha imezama zaidi ya hapo, lakini mpingo haijawa. Magurudumu ya mpwa wangu leo ni ya bluu ubavuni, na pale yanapokanyaga lami yameanza kurudi meupe.

Bibi ameichukua ile sufuria. Anasema ukindu hauchagui.