Gari lililoegeshwa muda mrefu: acheni kuliwasha kila asubuhi

Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikikaribia, sisi wakaguzi wa magari tunapokea magari ambayo tunayatambua hata kabla boneti halijafunguliwa. Vumbi limeganda kwenye mipira ya madirisha, matairi yamekuwa bapa upande wa chini, na mwenye gari anasema kwa kujiamini: "Hili ni zima kabisa, halijatembea tangu mwaka jana." Kwake hiyo ni sifa. Kwa mkaguzi ni taarifa kwamba breki, mafuta na waya vinahitaji kutazamwa upya vyote.

Sababu za kuliacha gari zinaeleweka: masomo, uhamisho wa kikazi, ugonjwa, bei ya mafuta. Maelezo haya yanawahusu wanaoliacha zaidi ya mwezi mmoja. Kitabu cha mtengenezaji kikisema tofauti na nisemavyo hapa, kifuatwe kitabu. Kupima oili na maji ya rejeta sitaeleza, kila dereva anajua.

Mmiliki anasafiri, anamwachia mlinzi ufunguo na agizo: liwashe kila asubuhi dakika tano, lisilale. Agizo hilo linaliua gari taratibu. Stata huchota umeme mwingi, na alteneta, kifaa kinachochaji betri, inaweza isiurudishe wote kwa dakika tano za kunguruma pale pale, pamoja na ule ulionyonywa na alamu usiku kucha. Petroli ikiungua hutoa maji katika hali ya mvuke. Injini isipopata joto la kutosha, maji hayo hubaki kwenye ekzosi, ikaoza kutoka ndani, na mengine huingia kwenye oili. Mlinzi akiliwasha ndani ya banda lililofungwa, moshi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Haya yameshasemwa mara nyingi. Bado watu wanatujibu kwamba fundi wao ndiye aliyeshauri.

Chagueni moja. Ama mtu mwenye leseni aliendeshe nusu saa kila baada ya wiki mbili, kiyoyozi kikiwa kimewashwa ili sili za kompresa, yaani mipira inayozuia gesi kuvuja, zisikauke, ama gari lilazwe na lisiguswe.

Mkiamua kulilaza, anzeni na betri. Gari dogo lenye betri ya saa-ampea 45 (kipimo cha umeme inaobeba), alamu na kompyuta zake zikinyonya miliampea 50, hupoteza saa-ampea 1.2 kwa siku. Kwa hesabu hiyo betri humalizika katika muda wa mwezi mmoja na siku chache, na itashindwa kuzungusha stata mapema zaidi ya hapo. Lenye kifaa cha kufuatilia gari huwahi zaidi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikishuka chini ya 12.4 na kukaa hivyo, salfeti huanza kugandia kwenye sahani zake na chaji haiirudishi yote. Kwa hiyo ondoeni waya wa hasi, huo kwanza na si wa chanya. Redio za magari mengi yaliyotumika Japani zitajifunga na kudai namba ya siri. Ni usumbufu, nakubali, lakini betri mpya ni gharama kubwa kuliko kukosa redio. Kabla ya kufunga boneti, hakikisheni ufunguo wa chuma unafungua mlango, maana rimoti haitafanya kazi.

Breki ya mkono isiachwe imevutwa. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, ambako hewa ina chumvi, breki shuu hugandia kwenye ngoma na gari likakataa kutoka. Weka gia, au P kwa gari la otomatiki, kisha zuia matairi kwa vigingi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama. Yaliyopita miaka miwili yabadilishwe. Oili chafu nayo ibadilishwe kabla ya kulilaza gari, si baada, kwa sababu tindikali iliyomo hula vyuma.

Tangi lijazwe, hewa yenye unyevu isipate nafasi. Kwa dizeli, maji kwenye chujio yamwagwe, la sivyo vijidudu huzaliana humo na nozeli hulipa. Matairi yajazwe upepo hadi kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Na tafadhali, kashata nzuri (michoro ya tairi) si umri mdogo: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Turubai la plastiki lisitumike, linafuga jasho na kutu.

Milango ifungwe kwa ufunguo wakati wote. Watoto hucheza kwenye magari yaliyosimama, na joto la ndani likipanda wanaweza kufa kabla hawajatafutwa.

Kwenye nyaraka ndiko upotoshaji ulikozidi. Kwa Tanzania Bara, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa shilingi 40 kwa lita. Hakuna anayepaswa kuja kuomba gari lake lisimamishiwe ada hiyo, na bado wanakuja. Kuhusu bima, sheria inaitaka kwa gari linalotumika barabarani. Likiwa uani si kosa. Kosa huanza linapotoka getini, hata kama linapelekwa gereji ya mtaa wa pili. Bima ndogo, ile inayolipa hasara za watu wengine tu, haitalipa gari lako likiungua au kuibwa. Mwenye bima kubwa aiandikie kampuni yake barua ikitaja lilipo gari, tarehe lilipoegeshwa na anayeshika funguo, abaki na nakala iliyogongwa muhuri, kisha asome masharti yake, kwa sababu hayafanani. Bima ikiisha, kampuni inaweza kutaka kulikagua gari kabla ya kutoa nyingine. Uhalali wa bima huhakikiwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Gari lililoachwa kwenye maegesho ya barabarani yanayotozwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, huendelea kuandikiwa deni kwa namba yake, mwenyewe awepo asiwepo. Madeni ya faini za trafiki nayo yaangaliwe kwenye mfumo wa polisi na kulipwa kwa namba ya malipo, si mkononi. Tozo ya papo kwa papo ni ya kila kosa, kwa hiyo tairi kipara na taa mbovu ni mambo mawili, si moja.

Siku ya kulifufua, fungueni boneti kwanza: panya hupenda sanduku la chujio la hewa, na wakishakata waya, kuwasha kunaweza kuleta moto. Kanyageni breki mara kadhaa gari likiwa halijaondoka. Pedali ikizama, msiliendeshe kuja kukaguliwa. Iteni gari la kuvuta, yaani brekidauni.