Ushirikishaji wa jamii kwenye makumbusho ya sanaa: maana yake ni nini?

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mtaa, iwe Ngarenaro, Sakina au Majengo ya Moshi, anaijua karatasi ya mahudhurio. Inazunguka, unaandika jina na namba ya simu, unatia saini, unapewa soda, na kwenye ripoti inaandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Uamuzi wenyewe ulishapita siku nyingi. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba yako makumbusho ya sanaa yenye kitengo kizima cha ushirikishaji wa jamii, na watu wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo, ana haki ya kuuliza wanafanya nini hasa.

Ushirikishaji wa jamii ni kazi ya kuwapa watu wanaohusika na makumbusho sauti katika mambo ambayo kwa kawaida huamuliwa ofisini: kioneshwe nini, kielezwe vipi na kwa lugha gani, mlango ufunguliwe saa ngapi, nani alipwe. Msingi wake ni uamuzi. Watu wakijaa siku ya ufunguzi, wakacheza ngoma na kurudi makwao bila neno lao hata moja kubadili kitu, hao walikuwa wageni waalikwa. Kualika wageni ni jambo jema, ila ni kazi nyingine.

Haipaswi kuchanganywa na matangazo, ambayo hutafuta watu waje, wala na kitengo cha elimu, ambacho hupokea wanafunzi na kuwafafanulia kilichopo. Ofisa wa ushirikishaji huanzia nje ya jengo. Anabisha hodi kwa mwenyekiti wa mtaa, anakaa na vikundi vya akina mama, mafundi vinyago na vijana wa vijiweni, anasikiliza, kisha anarudi kwa wakubwa wake na mambo ambayo wakati mwingine hawapendi kuyasikia. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato 8. Chini kabisa watu wanatumiwa tu. Katikati wanapashwa habari na kuulizwa maoni. Juu kabisa wao ndio wenye usukani. Karatasi yetu ya mahudhurio iko chini huko. Ngazi hiyo bado inatumika kwa sababu inamlazimisha mtu aseme wazi amesimama kidato gani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Washington, mji mkuu wa Marekani. Mwaka 1967, mwaka uleule TANU ilipopitisha Azimio lake hapa Arusha, Smithsonian, taasisi inayoendesha makumbusho mengi ya Marekani, ilifungua makumbusho madogo Anacostia, eneo la Wamarekani Weusi, ndani ya jumba la sinema la zamani. Mkurugenzi wake, John Kinard, alikuwa mchungaji aliyezoea kazi za mitaani. Wakazi walipozungumza juu ya kinachowasumbua, walitaja panya. Basi mwaka 1969 makumbusho yakaandaa maonesho kuhusu panya, na panya hai wakiwemo. Mtaalamu aliyejifungia ofisini asingeliwaza jambo hilo. Hayakuwa makumbusho ya sanaa peke yake, lakini makumbusho mengi ya sanaa yamejifunza kutoka kwao.

Detroit, hukohuko Marekani, nako kuna la kujifunza. Makumbusho ya sanaa ya mji huo yalianza mwaka 2010 kutundika nakala za michoro yao kwenye kuta za barabarani, mbali na jengo. Mwaka 2012 wapiga kura wa wilaya tatu za eneo hilo walikubali kutozwa kodi ya kuyaendesha, na wao wakapata haki ya kuingia bure. Sisemi michoro ya barabarani ndiyo iliyoleta kura. Ninachokiona ni kwamba mwananchi anayelipa na kuingia kwa haki yake ana nguvu ya kudai kuliko mgeni.

Sasa, jamii ni nani? Swali hili lina uzito kuliko linavyosikika. Majirani wamo, lakini wamo pia watu ambao vitu vilivyohifadhiwa vilitoka kwao, hata wakiishi mbali. Watu wa Old Moshi wanalijua hili kwa uchungu. Mangi Meli, mtawala wao wa Kichaga, alinyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900, na ukoo wake umekuwa ukitafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vya mafuvu yaliyohifadhiwa huko vimewapata ndugu walio hai Tanzania. Makumbusho yaliyo Berlin yana jamii yake kwenye migomba ya Kilimanjaro, yapende yasipende. Mwaka 2022 Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha maana mpya ya makumbusho inayotaja ushiriki wa jamii, na mimi naisoma kuwa inawahusu watu kama hao kwanza.

Tuje Arusha. Tuseme makumbusho yanataka kuonesha mikufu ya shanga ya Kimasai kama sanaa, sawa na michoro. Njia iliyozoeleka ni kuweka mkufu kwenye kioo na kibao chenye maneno matatu: mkufu, Wamasai, shanga. Njia ya ushirikishaji inaanza kwa kuwaita wanawake wanaozitunga, kutoka Monduli au Ngaramtoni, kabla kibao hakijaandikwa. Wao wataeleza kwamba mpangilio wa rangi unaweza kuonesha mvaaji ni wa rika gani au ametoka upande gani. Watasema kwamba shanga zenyewe za kioo zililetwa na biashara kutoka Ulaya, kwa hiyo kuziita za kale kupita kiasi ni kuwapotosha watu. Huenda wakasema pia kwamba mkufu fulani umetundikwa juu chini. Kibao kinachotoka hapo kitakuwa kirefu zaidi, na kwa maoni yangu kiwe kwa Kimasai na Kiswahili kwanza, lugha nyingine zifuate.

Wanawake hao wanatakiwa kulipwa kama wataalamu. Mama anayeacha meza yake soko la Kilombero tangu asubuhi hadi saa nane mchana amepoteza mauzo ya siku, na nauli peke yake haimrudishii. Makumbusho humlipa mtaalamu wa taa na seremala wa makabati bila mjadala. Anayejua maana ya rangi naye ana ujuzi wenye bei. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo miradi mingi mizuri inapovunjikia.

Halafu linakuja suala gumu kuliko yote. Mkufu wa harusi umetengenezwa uvaliwe. Mhifadhi atasema kila ukivaliwa uzi unalegea na shanga zinaanguka, na ni kweli. Mtungaji atasema uzi ukilegea unatungwa upya, ndivyo ilivyokuwa siku zote, na hilo nalo ni kweli. Ofisa wa ushirikishaji anakaa katikati yao. Kazi yake ni kuhakikisha jambo hili linazungumzwa kabla mkufu haujapokelewa, na makubaliano yanaandikwa kwa lugha ambayo pande zote zinaisoma: unatoka mara ngapi, kwa harusi za nani, nani anaubeba, na ukikatika nani anautunga tena na kwa malipo gani.