Ingia uvunguni kabla hujapenda mapazia

Dada mmoja alinitumia picha 14 za Volkswagen T3 Syncro, basi dogo la zamani lililogeuzwa nyumba, aliyokuwa amekaribia kuilipia. Picha 12 zilikuwa za ndani: mapazia ya maua, sinki la mbao, kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe, vitaa vya kuning'inia. Mbili zilikuwa za nje, jua likizama. Ya uvunguni hata moja. Nikamjibu kwamba gari lenyewe bado sijaliona.

Kazi yangu ni kukagua magari ya zamani ya foo wili, yaani yanayovutwa na magurudumu yote manne, yaliyogeuzwa nyumba, kwa niaba ya watu wanaotaka kuhamia humo. Wengi huja wakiamini wananunua nyumba yenye magurudumu. Ukweli ni kwamba wananunua vitu viwili vilivyozeeka kila kimoja kivyake, na kimoja kimemfunika mwenzake. Mbao, godoro, waya na mabomba utaving'oa siku mbili na kuvijenga upya upendavyo. Difu ya mbele, yaani mtambo wa meno unaogawa nguvu kwa magurudumu, ya gari lililoacha kutengenezwa mwaka 1992 haitengenezeki kwa msumeno na gundi. Ndiyo maana mimi gari hulithamini kutoka chini kwenda juu, na mapazia huja mwisho kabisa.

Nianze na hiyo Syncro, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Ilikamilishwa Graz, Austria, kwenye karakana za Steyr-Daimler-Puch, na haina wenzo wa kuunga magurudumu ya mbele. Injini iko nyuma, na nguvu ya kwenda mbele hupitia propela shafti, mhimili mrefu unaozunguka uvunguni, hadi kwenye kaplingi iliyojaa sahani nyembamba na mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya nyuma yakiteleza, sahani huzunguka kwa kasi tofauti, mafuta yanapata joto na kukaza, na mbele kunaanza kuvuta. Ni ubunifu mzuri sana. Shida ni kwamba kaplingi ikizeeka hukaza hata pasipohitajika. Gari likikata kona kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kaplingi isipoachia tofauti hiyo, mzigo unahamia kwenye meno ya difu na gia boksi.

Kipimo chake ni rahisi. Endesha kama nusu saa ili vitu vipate joto, tafuta uwanja mtupu wa lami, kata usukani hadi mwisho, weka gia ya kwanza na uliache gari litambae bila kukanyaga mafuta. Likizunguka kwa ulaini, vizuri. Likijikokota kama mtu ameshika breki, na matairi yakilia, kaplingi imechoka.

Kabla ya hapo, lakini, ingia uvunguni na tochi uhakikishe propela shafti ipo. Sitanii. Niliwahi kusimama pembeni muuzaji akieleza kwa dakika kumi jinsi foo wili yake "inavyojiwasha yenyewe ikihitajika", nami tayari nimekwishaona flenji mbili (vipande ambavyo ncha za shafti hufungwa) zilizofungwa nailoni na katikati yake hewa tupu. Kaplingi ilikuwa imekaza, mtu akaona njia ya mkato ni kung'oa shafti. Gari lilikuwa linavuta nyuma tu, ila bei ilikuwa ya magurudumu manne.

Jambo jingine ambalo halionekani kwenye picha ni matairi. Yote manne yawe ya kipimo kimoja, na yamelika karibu sawa. Matairi mawili mapya nyuma na mawili yaliyokwisha mbele ni vipenyo viwili tofauti, na kaplingi inafanya kazi kila kilomita, hata kwenye barabara iliyonyooka. Ukikuta matairi ya aina tatu kwenye gari moja, usiogope tairi. Uliza yamezunguka hivyo kwa muda gani.

Kwenye gari la kuunga foo wili kwa mkono, kama mabasi madogo mengi ya Mitsubishi Delica ya miaka ya 1980, mambo ni tofauti. Hapo lami kavu si mahali pa kujaribia. Nenda kwenye udongo au changarawe, unga, tembea, kata kona, kisha toa. Wenzo ukigoma kurudi au taa ya kwenye dashibodi isizime, mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyeugusa kwa miaka. Mtambo usiotumika huganda. Kwenye Delica zenye injini ya dizeli ya lita 2.5, uliza taimingi belti, mkanda unaoratibu valvu na pistoni, ilibadilishwa lini na uone risiti. Ikikatika, pistoni hukutana na valvu. Na kabla hujawasha dizeli yoyote ya zamani, gusa injini. Ikiwa tayari ina joto, mwenye gari amekutangulia kuiwasha, na kilichofichwa ni jinsi inavyoamka asubuhi. Rudi siku nyingine bila kupiga simu mapema.

Sasa kutu. Gari la kawaida huoza kutoka nje, ukaliona. Gari-nyumba huoza kutoka ndani. Watu wawili wakilala humo, pumzi yao pamoja na mvuke wa chai hugeuka maji kwenye bati baridi, nyuma ya sponji na mbao ambako upepo haufiki. Ongeza kila tundu lililotobolewa baadaye: la friji, la kujazia maji, la waya wa umeme wa nje, la feni ya paa. Kwenye T3 maungio ya wima ya bodi hupasuka rangi na kuchuruzika kahawia, na mabaya zaidi hukaa nyuma ya kabati la jiko, mahali ambapo hakuna anayetaka kufungua. Mimi huomba ruhusa ya kutoa droo moja na kuingiza mkono. Mwenye gari akikataa, hilo nalo ni jibu. Nje hupitisha sumaku iliyovikwa kitambaa. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti, ile ya kuzibia bati lililooza.

Utaambiwa Land Rover haishiki kutu kwa sababu bodi ni alumini. Nusu ya kweli. Chesisi ni chuma, na alumini inapogusana na chuma penye unyevu huliwa ikawa unga mweupe. Zile za miaka ya 1960 zilizogeuzwa na Martin Walter wa Folkestone, Uingereza, zinazojulikana kwa jina la Dormobile, zina paa linalofunguka kwa bawaba upande mmoja, na kitambaa chake kikipasuka maji hayaulizi njia. Mimi nazipenda kupita kiasi, kwa hiyo hiyo moja humwachia fundi mwenzangu aikague.

Uzito watu huusahau kabisa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 80 likijaa ni kama umembeba mtu mzima asiyeshuka kamwe. Weka betri za risasi, kabati za mbao nzito, akiba ya tairi juu ya paa, na injini ya T3 ya lita 1.9 yenye nguvu za farasi 78 inapanda mlima ikihema, na breki zinashuka zikinuka. Lipeleke kwenye mizani likiwa limejaa maji na mafuta, kisha linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha kiwandani.

Umeme na gesi nitapita haraka, maana vyote vinafanyika upya. Fyuzi iwe karibu na betri, si mwisho wa waya. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo kabati la mtungi lazima liwe na tundu chini linalotokea nje. Nimekuta mengi yamezibwa kwa povu ili kuzuia baridi. Zibua kabla hujawasha jiko.

Yule dada tulikwenda naye kuliona gari. Propela ilikuwepo, uwanjani lilizunguka vizuri, na chini palikuwa pakavu kuliko nilivyotarajia. Nikabaki na kipimo cha mwisho ninachokipenda: nilimwomba aingie, afunge milango, alale kitandani kama atakavyolala, nami nikapanda ngazi na mpira wa maji nikalimwagia paa kwa dakika 20. Muuzaji alisimama kando akitazama saa. Dakika ya 12 nikasikia sauti kutoka ndani: "Fundi, mto umelowa."

Muuzaji akakohoa, kisha akauliza tulikuwa tumefikiria kutoa kiasi gani.