Kuigeuza Kompyuta ya Ofisini Iwe ya Gemu: Yanayoaminiwa na Yalivyo

Kompyuta nyingi za gemu za bei nafuu Dar es Salaam na Nairobi zilianzia ofisini. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre: zimetumika miaka kadhaa Ulaya au Marekani, zikaja kwa kontena, sasa zimepangwa madukani Kariakoo na Luthuli. Ni mashine imara, na kwa mwenye bajeti ndogo sioni pa kuanzia pazuri kuliko hapo. Kasheshe huja pesa ya pili inapopatikana, ile ya kuiongezea nguvu. Mnunuzi huoneshwa namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi. Ile ndogo ya ubavuni, ambayo ndiyo yenye uamuzi, haisomwi.

"Kadi ya grafiki yoyote itafanya kazi, mradi sloti ipo"

Sloti, yaani nafasi ya kuchomekea kadi, ipo; umeme je? OptiPlex 7010 (ile ya 2012) ya kesi nyembamba ina pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ya wati 240, na EliteDesk 800 G1 nyembamba ni hivyohivyo. Sloti ya kadi yenyewe hutoa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi hudai waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na kwenye mashine hizi waya huo kwa kawaida haupo. RX 580, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu iliyotumika hupatikana rahisi, imepangiwa wati 185.

Hapo fundi atakwambia usijali, kuna kiunganishi: unachukua waya wa SATA, ule wa diski, unaugeuza kuwa plagi ya pini 8. Kataa. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila moja imeundwa kubeba ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, zidisha kwa 12 unapata wati 54. Plagi ya pini 8 inairuhusu kadi kuvuta hadi wati 150. Ukiulazimisha waya kubeba mara tatu ya uwezo wake, plastiki huyeyuka, na wewe uko katikati ya mechi na vipokea sauti masikioni.

Kwa kesi nyembamba, tafuta kadi ya kimo kifupi isiyo na plagi ya umeme, kama GTX 1650 fupi. Igeuze uikague, maana baadhi ya matoleo ya GTX 1650 yamewekewa pini 6. Pima pia nafasi kwa rula: kuna modeli ambazo sloti ya kadi inapakana na pawa saplai, na kadi nene haiingii hata ukiisukuma. RX 6400 nayo inavutia kwa sababu hula wati 53 tu, lakini hutumia njia nne pekee za PCIe 4.0, mfumo unaopitisha data kati ya kadi na mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 kasi ya njia hizo hupungua kwa nusu, na gemu nzito ikishajaza ile GB 4 ya kadi utaona picha zinarukaruka.

"Basi naweka pawa saplai ya wati 600, yamekwisha"

Kwanza hakikisha inaingia. OptiPlex 9020, kwa mfano, haitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi. Ina yake ya pini 8, kwa hiyo utahitaji waya wa kubadilisha.

Pili, soma kibandiko. Wati 600 zimeandikwa kwa herufi kubwa, lakini kwenye jedwali chini yake tafuta mstari wa +12V, kwa sababu kadi na prosesa hula karibu umeme wao wote hapo. Ukikuta ampea 20, zidisha kwa 12: wati 240. Umelipia 600 na umerudi ulikotoka. Alama ya 80 Plus nayo hueleza ni kiasi gani cha umeme kinapotea njiani. Haikuambii kama ndani kuna kinga ya kuzima umeme ukizidi, na mimi ningeilipia kinga hiyo kabla ya kufikiria taa za rangi.

Na kama pawa saplai ni ya zamani yenye swichi ya 115 na 230 nyuma, iangalie kabla hujachomeka. Ikiachwa kwenye 115, umeme wetu wa volti 230 hadi 240 utaiunguza papo hapo.

"i7 ni i7, i3 haiwezi kuigusa"

Jina hilo halisemi chochote bila mwaka. Core i7-2600 ya 2011 ina kore 4 na nyuzi 8 (kore ndizo sehemu za prosesa zinazofanya kazi, nyuzi ni kazi zinazoweza kwenda kwa pamoja). Core i3-12100F ya 2022 nayo ina kore 4 na nyuzi 8, na kila kore yake inafanya kazi kubwa zaidi kwa sekunde, hivyo i7 ile inaachwa mbali. Tazama tarakimu za mwanzo baada ya kistari, ndizo zinazotaja kizazi: 2 kwenye 2600, 12 kwenye 12100F. Kuna sababu nyingine ya kukwepa vizazi vya zamani: Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Mchezaji wa Valorant asisahau kwamba kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya kompyuta.

"Kadi yenye GB nyingi ndiyo yenye nguvu"

GT 1030 inatosha kuivunja dhana hii. Ilitoka 2017 ikiwa na GB 2 za memori ya aina ya GDDR5 zinazopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaja toleo lenye jina lilelile na GB 2 zilezile, ila za DDR4, zinazopitisha GB 16.8. Anayeuliza "ni ya GB ngapi?" hawezi kuzitofautisha. Uliza aina ya memori.

Na usiliamini jina linaloonekana kwenye skrini ya duka. Kuna kadi za GTS 450 na GTX 550 Ti, za 2010 na 2011, zilizobadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Beba GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kwenye flashi. Tangu 2018 programu hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo ikiigundua. Tundu la VGA kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti linatosha kukufanya uulize maswali zaidi.

"SSD itaongeza fremu"

SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, itafupisha kusubiri gemu ifunguke, na kompyuta nzima itakuwa nyepesi. Inunue, ya SATA inatosha. Fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, utazipata kwingine, hata kwenye RAM: kama huna kadi na unategemea grafiki za ndani ya prosesa, kama Ryzen 5 5600G, weka vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16. Njia ya memori inapanuka mara mbili, na grafiki za ndani huishi kwa memori hiyo.

"Gemu ya mtandaoni inakwama, kadi imechoka"

Washa kihesabio cha fremu na usome ping, yaani milisekunde za ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, kwa wakati mmoja. Fremu zikiwa 90 zimetulia huku ping ikipanda kutoka 80 hadi 300, hakuna kadi itakayokusaidia. Counter-Strike 2 ina seva Johannesburg na Dubai. Ukipelekwa kwenye ya Ulaya, safari inarefuka. Vuta waya wa LAN kutoka kwenye ruta, acha Wi-Fi, ucheze usiku mmoja hivyo kabla hujaitoa pesa ya kadi mfukoni.