Je, Wajua Kwa Nini Ndoano Hucheza Ndani ya Risasi?

Chukua kichwa cha jigi ulichosubu mwenyewe, bana risasi (ile metali nzito ya machubwi, si ya bunduki) kwa vidole vya mkono mmoja, halafu jaribu kuizungusha ndoano kwa mkono wa pili. Ikigoma, vizuri. Ikizunguka kama bawaba ya mlango, ujue hapo hukupata jigi, umepata chubwi lililotobolewa na ndoano. Kolekole ndiye atakayekukumbusha: unavuta mshipi, risasi inaelekea huku, ncha ya ndoano inaelekea kule, samaki anakwenda zake.

Kwa asiyeijua, jigi ni chubwi na ndoano vilivyofanywa kitu kimoja. Ndoano hulazwa ndani ya kalibu, risasi iliyoyeyuka ikamiminwa juu yake, na ikiganda inakuwa imelimeza shina la ndoano karibu na tundu la kufungia mshipi. Wengi hudhani risasi hiyo imenata kwenye chuma. Haikunata hata kidogo.

Risasi na chuma havichanganyiki hata vikiwa vya moto. Ndiyo sababu risasi huyeyushwa kwenye chungu cha chuma bila wasiwasi, na ile inayobaki ikaganda huchomoka kipande kizima. Fundi redio akilehemu waya, kinachonata ni bati lililochanganywa humo, likisaidiwa na dawa ya kusafishia. Risasi tupu haina uwezo huo. (Kiswahili nacho kinatuchanganya: ya bunduki risasi, ya chubwi risasi, ya kulehemu nayo risasi.)

Kwa hiyo kinachoishikilia ndoano ni mkumbatio tu. Risasi huganda kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi. Kutoka hapo hadi joto la kawaida la pwani inashuka nyuzi kama 300, na katika safari hiyo husinyaa kwa takriban asilimia 0.9, wakati chuma husinyaa kwa chini ya asilimia 0.4. Risasi ikisinyaa zaidi ya kilichomo ndani yake, inabana. Ila pima ubanaji wenyewe: kwa shina lenye unene wa milimita 1.5, tofauti haifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Kasoro ndogo tu inatosha kuupoteza.

Kasoro kubwa ni baridi. Mwaka jana nilisubu vichwa kumi na viwili vya gramu 30, vinne vikacheza. Nilikuwa nimevipanga mezani kwa mfuatano wa kutoka, na vyote vinne vilikuwa vya mwanzo. Nilibana kimoja kwenye jiliwa, nikakipasua kwa msumeno wa chuma kufuata shina. Kandokando ya waya kulikuwa na mfereji mweusi wenye mikunjo, kama utandu wa maziwa yaliyopoa. Kichwa cha nane nilichokipasua baadaye kilionyesha risasi iliyoufuata waya hadi kwenye kona, ikiacha alama laini ya kung'aa. Kilichotokea ni kwamba kalibu ya alumini ikiwa baridi hunyonya joto haraka, na ndoano baridi hali kadhalika. Risasi inavaa ngozi kabla haijamaliza kuuzunguka waya. Tangu siku hiyo vichwa vitano vya mwanzo navirudisha chunguni bila kuviangalia, na ndoano nazilaza juu ya kalibu zipate uvuguvugu kwanza.

Kuna kasoro ya aina nyingine, iliyojificha. Risasi inapoganda hupungua ujazo kwa asilimia 3 na ushee, na sehemu nene ya katikati, ambamo ndimo shina linamopita, huganda mwisho. Mdomo wa kalibu ukiganda kabla yake, katikati inakosa cha kujazia na kuacha uwazi. Mimina mfululizo, na uache kifundo kinene cha risasi mdomoni, ndicho kitakacholisha ndani.

Umbo la ndoano nalo lina neno. Ndoano za jigi huwa na kona ya nyuzi 60 au 90 karibu na tundu, si urembo: waya mnyofu wa mviringo ni rahisi kuzunguka ndani ya risasi hata ukisubu vizuri namna gani, lakini wenye kona hauna pa kuzungukia. Kama una ndoano nyofu tu, liponde shina kidogo kwa nyundo au lichanje kwa tupa. Lifute mafuta pia. Na usifungue kalibu haraka; subiri mng'ao wa risasi pale mdomoni ufifie.

Halafu kuna ile ndoano iliyotoka imara, wiki ya tatu ikaanza kucheza. Hapa mkosaji ni risasi yenyewe. Joto la chumbani kwake tayari ni nusu ya safari ya kuyeyuka, ukihesabu kutoka sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, kwa kipimo cha kelvini: 300 kwa 600. Metali iliyo katika hali hiyo hujilegeza polepole inapobanwa, na kila mvuto wa samaki hupanua tundu. Kuchanganya metali ya antimoni asilimia chache huifanya ngumu zaidi.

Kazi hii ifanyie nje, penye upepo, kwa chungu ambacho hakitarudi jikoni. Tone moja la maji chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke wenye ujazo mara 1,700 hivi na kuirusha risasi usoni. Na vumbi lake ni sumu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri, hata mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020.

Vile vinne vyangu sikuviyeyusha vyote. Viwili nilivilaza juu ya chuma na kuigongelea risasi kwa tindo butu pale shina linapotokea, pigo dogo dogo kuzunguka waya, mpaka ndoano ikagoma. Kimoja kilikwenda na mwamba. Kingine bado ninacho, na kimeanza kulegea tena.